Lutuku Aliyoimwaga Urbain

Katika mtaa wetu wa Likasi kila mtu alijua mambo mawili juu ya Urbain Kalumba. La kwanza, hakuwahi kuonja pombe tangu azaliwe. La pili, ndani ya kabati lake, nyuma ya sahani za harusi, kulikuwa na chupa ya lutuku, ile pombe kali inayopikwa nyumbani kwa mahindi, imejaa mpaka shingoni. Watu walicheka. Wanywaji walisema Urbain, shemasi wa kanisa, anaficha mke mdogo kabatini. Wanawake wa kanisani walisema maneno mabaya zaidi, na wao hata kulewa hawakuwa wamelewa. Mimi sikucheka. Ile chupa ilikuwa ya baba yangu.

Nitaeleza kama Urbain mwenyewe alivyonieleza, kwa mpangilio wake uleule. Ukimkatiza alirudi mwanzo kabisa, kwa hiyo nilijifunza kunyamaza.

Urbain alikuwa mume wa shangazi yangu Philomène. Alisoma misheni kule Mulungwishi, akajifunza umeme, Biblia na kuchukia pombe, yote matatu kwa bidii moja. Alikuwa mrefu, mkavu, na suruali yake ilipigwa pasi hata siku ya kuchimba choo. Serikali ilipopiga marufuku majina ya ubatizo, kwenye karatasi za kazi akawa citoyen, yaani raia, Kalumba. Nyumbani alibaki Urbain, na aliyemwita citoyen mezani hakuongezewa mboga.

Baba yangu, Casimir, alikuwa mdogo wake Philomène. Alifanya kazi ya asidi kiwandani mpaka siku alipoingia zamu amelewa kwa mara ya tatu. Mama alirudi kwao Kapolowe, mimi nikabaki kwa shangazi nikiwa na miaka tisa. Simsingizii baba. Alikuwa mlevi, lakini mlevi wa kuimba na kuomba msamaha, si wa kupiga. Alinisuka nywele kwa mikono yake mwenyewe, vibaya, mistari imepinda, nami nikamkataza mtu yeyote asizishike.

Mwaka 1975 Urbain alikuwa amepewa kazi ya kulinda mtambo wa simu kwenye uwanda wa juu wa Biano. Mtambo huo ulipokea sauti kutoka upande mmoja wa nchi na kuzisukuma upande mwingine. Nyaya za umeme hazikufika kule, kwa hiyo Wazungu fulani walileta mashine ya kujaribu, kubwa kama kabati la nguo. Ndani yake kulikuwa na mabamba yamepangwa katika vyumba vya maji makali. Uliimiminia spiriti iliyochanganywa na maji, nayo ikatoa umeme upande mmoja na matone ya maji safi upande mwingine. Haikuwa na moto, wala moshi, wala kelele. Urbain aliipenda mashine ile kuliko baadhi ya ndugu zake, na hakuficha.

Spiriti yenyewe ilikuwa alkoli ya mbao. Pipa lilichorwa fuvu, likafungiwa stoo kwa kufuli. Injinia aliyeleta mashine alimwonya Urbain kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa kidole, akigusa macho yake mawili: anayekunywa hii anapofuka kwanza, halafu anakufa. Urbain akamjibu kwamba yeye hanywi hata ile ya watu.

Sasa baridi. Mtu wa Likasi anadhani anaijua baridi kwa sababu mwezi wa sita anavaa sweta. Biano ni juu zaidi. Kule alfajiri majani yanakuwa meupe na maji ya ndoo yanashika ukoko. Mashine ile ilitengenezwa na watu wa nchi za baridi, lakini baridi yenyewe haikuipenda. Ikifanya kazi bila kusimama, ililinda joto lake. Ukiimiminia spiriti ya baridi alfajiri, ilisinzia. Na yale matone iliyotoa yaliganda mdomoni mwa bomba, mashine ikakosa pumzi na kuzimika. Kuiamsha ilikuwa kazi ya nusu asubuhi.

Urbain akabuni njia yake. Aliivisha mashine mablanketi, akakwangua barafu ya bomba mara mbili kwa siku, na kila alasiri alijaza chupa sita za bia kwa spiriti iliyokwisha changanywa na maji. Chupa hizo alizilaza kitandani mwake, kati ya mbavu zake na ukuta. Alfajiri zilikuwa na joto la mwili, na mashine ilizipokea vizuri. Vizibo vya mpira vilikuwa vimepotea, kwa hiyo alizifunga kwa magunzi ya mahindi.

Mtu yeyote anayekunywa angemwambia kitu hapo. Wauza lutuku wote wa Likasi hufunga chupa za bia kwa gunzi. Urbain hakulijua hilo, maana hakuwahi kushika chupa ya lutuku mkononi.

Kabla ya baridi ya mwaka ule shangazi alimwomba amchukue Casimir awe msaidizi wake. Tulikwenda wote stesheni kuwasindikiza.

"Papa Urbain, minakupa ndugu yangu," shangazi alisema. "Kule hakuna bar. Umurudishe mu mwezi ya munane, na kichwa muzima."

"Nitamurudisha, na hata tone moja ya pombe haitakuwa mu mwili yake," Urbain alijibu. Aliweka mkono kifuani aliposema hivyo.

"Munaongea juu yangu sawa vile niko muzigo," baba alisema. Kisha akainama akaninong'oneza nisimruhusu shangazi anifumue nywele mpaka atakaporudi.

Wiki tatu baba alishika neno. Aliniletea barua kwa mtu wa treni: kule majani ni meupe kama chumvi, mikono yake imeacha kutetemeka, siku kumi na tisa hajanywa, nimwambie shangazi. Nilimsomea shangazi barua ile mara nne. Alikuwa anasikiliza huku anachambua mboga, na mboga ziliisha akaendelea kuchambua hewa.

Siku ya ishirini na mbili Urbain alimtuma kijijini kutafuta unga. Baba alirudi alasiri na unga, na chupa ya lutuku ya mama Émérence, aliyekuwa akipika pombe kule. Hakuificha. Aliiweka mezani, katikati.

"Casimir, hii ni nini?"

"Ni yako na yangu. Minye niko bukwe yako, kaka ya bibi yako. Tangu nifike haukunipokea. Kwa siye bukwe anapokelewa na kinywaji, unajua vile. Basi leo minajipokea minye mwenyewe."

Hapo baba alikuwa na haki, na Urbain alilijua hilo. Kwa watu wetu, aliyekupa mke haingii kwako akanywa maji matupu. Hata wasiokunywa wanatafuta kitu, wanaweka togwa, wanaweka soda, wanasema neno. Urbain kwa wiki tatu hakuweka kitu mbele yake isipokuwa ndoo na kikwangulio.

"Niliahidi dada yako," Urbain alisema.

"Kikombe moja tu. Mwili yangu inaomba."

"Hii kintu inaua, Casimir."

"Kwako yote inaua. Hii inaua, ile ya mashini inaua, hata bia ya ndoa ya bantu inaua."

Urbain akang'oa gunzi, akasimama mlangoni, akaimwaga chupa nzima mchangani, polepole, huku akisoma kwa moyo mstari wa Mithali juu ya mvinyo. Nimemsamehe mengi, lakini huo mstari wa Mithali ulinichukua miaka. Halafu akaenda kwenye kibanda cha mashine kukwangua bomba. Alikaa huko saa nzima.

"Nilijisikia muzuri, Colette," aliniambia. "Saa nzima nilijisikia muntu muzuri."

Katika saa hiyo baba alikaa peke yake na chupa sita zenye magunzi. Alijua ni chakula cha mashine. Alijua pia kwamba Urbain amesema ni sumu. Lakini Urbain alikuwa ameiita sumu kila pombe iliyotajwa mbele yake, tangu mvinyo wa padri mpaka bia ya arusi, na baba alikuwa amekunywa hizo zote akaamka kesho yake. Onyo la kweli lilikuja limevaa nguo za mahubiri, na baba hakulitambua. Alikunywa chupa mbili. Kisha, kwa ujanja wa walevi, akazijaza maji, akazifunga, akazirudisha chini ya blanketi.

Alfajiri Urbain alimiminia mashine chupa zake sita kama kawaida. Mbili kati ya hizo zilikuwa maji matupu. Taa ndogo ya kijani ikafifia, ikazimika. Bomba likaganda. Urbain alinusa chupa ya tano, akanusa ya sita, akasimama pale kibandani na chupa mkononi. Aliniambia kwamba alielewa yote mara moja, na kwamba miguu ndiyo iliyochelewa kuelewa.

Baba alikuwa bado amelala. Urbain alimtikisa.

"Nilikunywa mbili," baba alisema, bila kubisha. "Hata haikunilewesha. Hiyo pombe yako iko na maji mingi. Kichwa tu njo inauma."

Treni ya kwenda Likasi ingepita jioni tu. Gari hapakuwa. Kilichobaki ni simu, na simu iliishi kwa mashine, na mashine ilikuwa imekufa kwa sababu ya zile chupa mbili. Urbain alimnywesha baba maziwa, kisha akaanza kuiamsha. Alipasha matofali motoni, akayafunga kwa magunia, akayapanga kuzunguka vile vyumba. Alipasha spiriti mpya ndani ya sufuria ya maji moto, mbali na makaa. Kila mara alikimbia ndani kumwangalia baba, na kila mara baba alimwambia aache wasiwasi, ni kichwa tu na tumbo kidogo. Taa ya kijani ilirudi saa tatu asubuhi.

Aliomba kuunganishwa na hospitali ya Likasi. Daktari alimsikiliza, akauliza saa ngapi, akauliza kiasi gani. Kisha akauliza: "Citoyen, kuko pombe kali pale? Lutuku, whisky, yoyote?"

Urbain alidhani anatukanwa. "Docteur, minye niko shemasi."

"Sikuulize kanisa. Pombe ya kunywa inazuia ile ya mbao mu mwili, isigeuke sumu haraka. Umupe sasa hivi, kidogo kidogo, bila kuacha, mupaka afike hapa. Iko ao haiko?"

Urbain alikuwa ameshika simu huku anatazama mlango wa nyumba. Mchanga pale ulikuwa umeshakauka.

"Ilikuwa," alisema.

Alikimbia mpaka kijijini, mwendo wa saa nzima kwa mtu anayetembea. Wale waliomwona waliniambia miaka mingi baadaye kwamba suruali yake ya pasi ilikuwa imepasuka gotini, na kwamba shemasi wa Mulungwishi alikuwa anaita lutuku kwa sauti kabla hajafika uani. Mama Émérence hakumcheka. Alikuwa na nusu chupa tu.

"Ile nzima nilimupa bukwe yako jana," alimwambia. "Sitapika tena mbele ya kesho."

Aliporudi ilikuwa mchana, mbingu safi, jua limesimama juu kabisa. Baba alikuwa ameketi nje, mgongo ukutani, uso wake ameuelekeza juani moja kwa moja, macho wazi.

"Urbain, ukungu ya leo haiishe?" aliuliza. "Majani yote ingali nyeupe."

Hapakuwa na ukungu. Hapakuwa na jani jeupe hata moja. Urbain alipiga magoti, akamimina kikombe, akakiweka mkononi mwake.

"Kunywa."

Baba alinusa. Akanusa tena. "Ni lutuku."

"Ndiyo."

"Weye njo unanipa?"

"Docteur anasema ni dawa."

Baba alikishika kikombe kwa mikono miwili. Urbain akakishika pamoja naye.

"Kama weye, Urbain, unanipa lutuku," baba alisema, "basi minakufa."

Alikunywa yote, kidogo kidogo, kama daktari alivyotaka. Nusu chupa iliisha kabla ya treni kufika. Alipomaliza alisema, "Leo haukusoma Mithali," na alitabasamu upande ambao Urbain hakuwepo.

Alikufa ndani ya treni asubuhi yake, walipokuwa wameshatoka Kambove, karibu kabisa na nyumbani. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa Urbain. Mimi nilikuwa stesheni na nywele zangu zilezile. Urbain alishuka, akamtazama shangazi, kisha akageuka kumshusha baba.

Kwenye kilio wanawake walinifumua nywele, kama inavyofanywa kwa mtoto aliyefiwa na baba. Nilimwuma mmoja mkono mpaka akalia kwa sababu nyingine. Mzee mmoja wa kanisa akakaa karibu na Urbain na kumfariji: "Maji yakimwagika hayazoleki, ndugu." Ni methali ya watu wote, na alikuwa na nia njema, lakini nilitamani kumjaza mchanga mdomoni. Urbain alisimama mbele ya ukoo mzima akaeleza yote, chupa kwa chupa. Hakumtaja injinia, hakulaumu gunzi wala baridi. "Ile dawa yake ilikuwa mu nyumba yangu," alisema, "na njo minye niliimwaga." Shangazi hakumjibu. Hakuzungumza naye mpaka mvua za kwanza, na siku alipozungumza alisema tu kwamba bati linavuja.

Baadaye Urbain alikwenda kumwuliza daktari kama chupa nzima, alfajiri, ingemponya. Daktari alikuwa mtu mkweli, akamjibu: labda. Ni neno dogo. Urbain aliishi nalo miaka kumi na sita, na nilimwona akizeeka nalo. Neno "hapana" lingempa usingizi, hata "ndiyo" ingempa adhabu yenye mwisho. "Labda" haikumpa kitu.

Hakurudi Biano. Alinunua chupa ya lutuku, akaiweka kabatini. Baraza la kanisa likamwita. Akawaambia kwamba nyumba yake haitakosa dawa ile tena. Wakamwambia achague, chupa au ushemasi. Akavua ushemasi, akaenda kukaa benchi la mwisho karibu na mlango, na hapo alikaa kila Jumapili, suruali imepigwa pasi, anaimba sauti ya nne. Mimi nikawa mtoto wake. Alinilipia shule kwa kutengeneza pasi na redio za mtaa mzima. Alijifunza hata kusuka nywele, na alisuka vizuri kuliko baba, jambo ambalo sikumsamehe pia.

Kila mwaka, siku ileile ya mwezi wa sita, alitoa chupa kabatini, akaenda makaburini, akaimwaga kaburini kwa baba mpaka tone la mwisho. Nilimsindikiza. Alisema maneno yaleyale: "Bukwe, minakurudishia yako." Tukarudi nyumbani, na kabla jua halijazama chupa mpya ilikuwa nyuma ya sahani za harusi.

Mwaka 1991 hakuweza kuamka. Kifua kilikuwa kimejaa, na baridi ya mwezi wa sita ilimbana hata chini ya mablanketi mawili. Nilimwekea chupa za maji moto ubavuni, upande wa ukuta. Alizigusa, akazitambua, akalia bila sauti. Kisha akanionyesha kabati.

"Weye njo utaenda leo," alisema. "Umwage polepole. Lakini usiseme ninarudisha. Ile haitarudi."

"Niseme nini, papa?"

Alitafuta pumzi muda mrefu. "Sikumupokea," alisema. "Wiki tatu mu nyumba yangu, kaka ya bibi yangu, sikumupokea. Useme tu karibu."

Nilikwenda peke yangu. Nilipiga magoti, nikang'oa gunzi, nikamimina polepole kama alivyosema, na udongo ukanywa. "Baba, karibu," nilisema. "Urbain anasema karibu kwake." Nilipofika nyumbani shangazi alikuwa mlangoni, kitambaa cha kichwa amekivua, na wanawake wa jirani walikuwa wameanza kutoa nje viti vya kilio.

Mmoja wao, mwanamke wa kanisani, alifungua kabati kutafuta sahani za wageni. Akaona pale nyuma nafasi tupu ya duara, vumbi limeizunguka. Akauliza ile chupa ya mzee imekwenda wapi.

"Imeenda kupokea mugeni," shangazi alimwambia, na akamwomba afunge mlango wa kabati.